Redio ya Baba na Sala ya Jioni

Mjukuu wangu Tabitha,

Marahaba. Sisi huku Haneti hatujambo. Uwele umeshavunwa, na shangazi yako amejifungua salama mtoto wa kike. Umeniuliza ufanyeje, maana kila ukipiga magoti kusali simu inaita, nawe unaishika.

Enzi zetu ilikuwa redio. Baba yangu, mzee wa kanisa, aliinunua nikiwa msichana, na sala ya jioni ikawa inangoja taarifa ya habari iishe. Jioni moja jirani yetu, Mama Neema, alikuja amembeba mwanawe mwenye homa kali.

"Mzee, niombee mtoto," alisema.

Baba alimwinulia mkono asubiri, sikio likiwa redioni. Habari zilipokwisha aligeuka, na mlangoni hapakuwa na mtu.

Alimfuata mpaka kwake, akapiga magoti kando ya kitanda. Mtoto alipona. Redio hakuiuza, ila tangu siku ile tulisali kwanza, ndipo alipoiwasha.

Baadaye nilimuuliza jioni ile walitangaza nini. Alifikiri sana, kisha akasema, "Sikumbuki hata neno moja."

Bibi yako,
Damari