Josephina, Tuliyekuita Amerika

Je, mjukuu wangu, mke mwenzangu wa utani, joto la makaburi ya mjini umelizoea, wewe uliyekulia kwenye ukungu wa milima ya Mgeta?

Mwaka umetimia tangu figo zikuangushe, ukiwa na miaka thelathini na minne. Kwenye mfuko wa sweta lako la kijani tulikuta kipande cha chaki.

Ulifundisha historia sekondari, lakini mimi bibi yako ulinifundishia jikoni. Tukimenya njegere ulinisimulia wanawake wa Amerika, waliokutana kanisani mwaka 1848 wakadai kupiga kura. Wakachekwa. Waliofuata wakasimama na mabango getini kwa rais wao, wakatiwa jela, wakagoma kula, wakalishwa kwa nguvu kwa mpira wa puani. Haki ilipopatikana, miaka sabini na miwili ilikuwa imepita. Kati ya wanawake waliotia sahihi madai yao siku ile kanisani, ulisema, mmoja tu alikuwa hai, na siku ya kura alikuwa mgonjwa, hakwenda.

"Sasa ikamsaidia nini?" nikakuuliza.

"Bibi, si alisema kwa mdomo wake mwenyewe!"

Nilicheka mpaka njegere zikamwagika.

Kwetu shamba ni la upande wa mama, ila kwenye kikao cha ukoo mwanamke humnong'oneza kaka yake, naye ndiye husema. Wewe ulisimama ukasema mwenyewe. Babu yako Ernest, kaka yangu, akakukatiza: "Keti, wewe Amerika. Huku hakuna kura." Wakaangua kicheko. Jina likakuganda, na mimi nikakuita hivyo hivyo.

Hospitalini ulinishika mkono ukaniambia unapotaka kuzikwa. Ulipofariki nikaenda kikaoni, nikamnong'oneza kaka neno kwa neno. Akasimama: "Marehemu hakutaka kusumbua watu. Azikwe huko huko mjini." Kumbe alishaelewana na mtu anayetaka kulinunua shamba letu la juu. Kaburi la mama yako lililomo humo mtu yule alilivumilia. La pili lingemkimbiza. Nilisikia kila kitu, nikainama kutazama pindo la kanga yangu. Tulipokuwa tunakufukia mtu akasema, "Leo Amerika imenyamaza," na wapo waliocheka.

Unakumbukwa na mimi bibi yako Anastasia, dada yako Janeth, kaka yako Amani, na wanafunzi wako ambao bado wanaigiza ulivyokuwa ukikohoa kabla ya kuita majina. Babu Ernest naye yumo. Alileta mchele wa misa. Kukusahau hatuwezi, hata tungetaka.

Jumapili iliyopita, baada ya misa yako, kikao kilikaa. Shamba la juu limeshauzwa, na kabichi zimepandwa mpaka ukingoni mwa kaburi la mama yako. Kaka akaniinamishia sikio kama kawaida. Sikunong'ona. Nilisimama, nikasema wote wasikie:

"Josephina alitaka kuzikwa shamba la juu, ubavuni mwa mama yake."