Mume Wangu Hurudi Kutoka Vitani na Sauti Nzima

Dada mshauri, nakusoma kila wiki nikiwacheka wenzangu, leo yamenifika mwenyewe, naomba unishike mkono kabla sijafanya la kipumbavu. Mimi ni mke wa askari wa kikosi cha anga, tunaishi kota za jeshi, ghorofa ya pili, na waume zetu wote huvaa yale makoti ya kutoonekana, ukibonyeza kifungo cha kifuani unapotea mzima mzima hata kivuli huna, lakini kwetu ni aibu kubwa kumuua mtu asiyekuona, kwa hiyo askari akishamkaribia adui wa sayari ile nyingine huzima koti, akajitokeza, akataja kwa sauti kubwa jina lake, la mama yake na la ukoo, ndipo apige, na ndiyo maana wanaume hurudi makoo yamekauka na sisi wake tunawachemshia maji ya chumvi wasukutue, yaani wale wanaorudi, maana wengi huwa hawafiki kwenye ukoo.

Sasa mume wangu, dada, amekwenda vitani mara nyingi kuliko wanaume wote wa ghorofa yetu, na kila akirudi anaingia mlangoni anaimba. Mwanzoni nilidhani ana koo imara, hata mama mkwe alijisifu kwamba ni la upande wao. Jirani yangu ni mjane, picha ya marehemu imetundikwa kwenye ngazi na dukani wafiwa huhudumiwa kwanza, mimi nasubiri nyuma na kikapu changu na mume hai. Juzi nikamuuliza, "Baba watoto, wewe kule huwa unajitaja kweli?" Akaniangalia, akasema, "Mke wangu, ulitaka nijitaje au nirudi?" Nikaendelea kukunja mashati.

Kinachoninyima usingizi ni kijana wetu wa kwanza, amechukuliwa kikosini na Ijumaa anaondoka, na baba yake, kwa kuwa ndiye shujaa aliyebaki, ameteuliwa kuwafundisha vijana namna ya kujitaja. Namsikia sebuleni akimsahihisha mtoto, "Vuta pumzi. Mtaje mama yako taratibu, usimkimbize." Nikimwambia kijana wangu ukweli, yeye ana msimamo mkali, atamshtaki baba yake kwa mkuu wa kikosi, na anayepiga akiwa amejificha hufutwa jina na familia yake hutolewa kota. Nikinyamaza, nitahudumiwa wa kwanza dukani. Nifanye nini, dada?

MSHAURI ANAJIBU

Pole, mdogo wangu. Kwanza nimefuta jina lako, la mama yako na la ukoo wako, uliyoyaandika yote juu ya barua kwa herufi kubwa. Mtu mwenye siri hajitangazi hivyo, lakini naona ndivyo mlivyolelewa.

Pili, tusidanganyane. Mafundi wenu wamesumbuka miaka na miaka kutengeneza koti ambalo adui hawezi kuliona, nanyi mnalizima palepale linapohitajika. Adui naye ana mila zake, na mojawapo ni kumpiga risasi mtu anayehutubia.

Mumeo simsifu. Si kwa kujificha; kwa hilo, angekuwa wangu, ningempikia vizuri zaidi. Kosa lake ni kwamba anaijua njia ya kurudi nyumbani na anamfundisha mwanawe njia nyingine, ili yeye aendelee kupigiwa saluti. Huo ndio woga. Mwambie hivyohivyo, na useme ni maneno yangu kama ya kwako hayatoki. Nawe ulikuwa unakunja mashati wakati wa kusema, kwa hiyo usijitoe kwenye lawama.

Sasa sikiliza. Kijana usimwambie wewe. Ataona ni hofu ya mama tu, atapanda chombo amenuna na atajitaja kwa nguvu zaidi. Aambiwe na baba yake, kabla ya Ijumaa, nawe ukae hapohapo hadi yamtoke. Asizunguke na habari za heshima. Aseme tu, "Mwanangu, mimi sijawahi kujitaja." Kijana akilia, mwacheni alie. Akienda kushtaki, mtatolewa kota, basi fungasheni. Nyumba za kupanga zipo na jina lililofutwa halimzuii mtu kulala.

Na akimdharau baba yake miaka kumi, sawa, amdharau akiwa mezani kwako, anaongeza chakula.