Vyuo Viwili vya Tarumbeta, Mdomo Mmoja

Mpendwa mshauri,

Nakuomba unisaidie kuamua jambo ambalo nimebakiwa na wiki tatu tu kuliamua, na ambalo kila nikilishika linaniponyoka. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, nafundisha muziki katika shule ya msingi, na tangu nikiwa na miaka kumi na moja napiga tarumbeta katika bendi ya mjomba wangu, kaka yake mama, ambayo hufanya mazoezi katika chumba kilicho nyuma ya karakana ya seremala, chumba chenye viti kumi na vinne visivyofanana na vumbi la mbao linaloingia mpaka ndani ya vyombo vyetu. Mwaka huu niliomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamili ya upigaji tarumbeta katika vyuo viwili, na vyote viwili vimenikubali, na badala ya kushangilia nimekonda na kupoteza hamu ya chakula, kiasi kwamba mama ameniuliza, kwa sauti ya chini, kama nina mimba.

Chuo cha kwanza kina okestra kubwa, na barua yao inasema nitakalia kiti cha tarumbeta ya kwanza tangu siku ya kufungua, na onyesho la kwanza litakuwa wiki ya tatu ya masomo. Chuo cha pili ni kidogo, na tarumbeta hufundishwa na mwalimu mmoja tu, mzee asiyejua kubembeleza, ambaye aliniandikia kwa mkono wake hivi: "Nimesikiliza rekodi yako mara tatu. Unapiga vizuri sana, kwa namna itakayokumaliza. Ukija kwangu hutapanda jukwaani kwa mwaka mzima. Tutaanza na pumzi." Mjomba aliisoma barua hiyo akiwa amesimama, akanirudishia kwa ncha za vidole. "Huyu anataka kukurudisha chekechea," alisema. "Miaka kumi na sita nimekutengeneza mimi, yeye aje akubomoe kwa karatasi moja?" Nilicheka, kwa sababu sikujua la kufanya.

Lazima nikueleze desturi moja ya bendi yetu, maana bila hiyo hutanielewa. Tarumbeta hupulizwa kupitia kikombe kidogo cha shaba kinachogusa midomo, na mtu akikikandamiza sana huachiwa alama ya duara. Sisi alama hiyo tunaiita muhuri. Mazoezi yakiisha mjomba hupita kiti kwa kiti akisema, "Hebu nione muhuri," na mwenye muhuri uliozama kuliko wote ndiye hukaa kiti cha mbele wiki inayofuata, na mwenye alama hafifu huambiwa kwamba leo alikuwa anapuliza chai ipoe. Mpiga tromboni wetu, tunayemwita Shoka, aliwahi kunitania mbele ya wote, "Dada, muhuri wako huo unatosha kusajilia ndoa," nami nikavimba kichwa kwa wiki nzima. Mjomba mwenyewe hapulizi tena. Aliacha akiwa na miaka thelathini na sita kwa sababu, anavyosema, viti ni vya vijana.

Sasa nakuambia nisilomwambia mtu. Rekodi ya usaili ilitakiwa ipigwe mfululizo, bila kukatwa wala kuunganishwa, na tuliirekodi kwa siku mbili katika ukumbi wa shule ninayofundisha, mjomba akiwa amekaa mstari wa mbele, na kila nilipokosea alisema neno moja tu, "Tena," na tulirudia mara thelathini na moja. Katika mara ya ishirini na nane nilihisi kitu kimekatika ndani ya mdomo wa juu, kama uzi wa kifungo, nikasema, "Mjomba, mdomo unauma," naye akasema, "Ukiuma ujue unafanya kazi," nikapiga mara tatu nyingine, na hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifungulia milango ya vyuo vyote viwili. Tangu siku hiyo, miezi mitano sasa, noti za juu zimenikataa. Naweka kikombe mdomoni, navuta pumzi, nakaza midomo, na kinachotoka ni upepo unaovuja pembeni. Ndani ya mdomo pana sehemu ndogo kama punje ya mchele isiyosikia moto wala baridi. Kwenye bendi nimejisogeza kiti cha pili kwa kusingizia jino, na mjomba anadhani nahifadhi nguvu kwa ajili ya chuo, na nyumbani nafanya mazoezi kwa muda wa saa nne kila siku, nikikandamiza zaidi na zaidi, na kila siku noti zinazotoka ni chache kuliko za jana.

Nikienda chuo cha kwanza, nina miezi miwili ya kupona, na nisipopona nitaumbuka mbele ya wanamuziki sitini. Nikienda cha pili, nitakuwa nimekiri kwamba mjomba alinifundisha vibaya maisha yangu yote, na huyo ndiye aliyenilea baba alipofariki, ndiye aliyenifunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule. Nafsi yangu inanivuta nichague cha kwanza, nizidishe mazoezi, na mdomo nimwachie Mungu. Niambie, mshauri, chuo kipi? Kila asubuhi naigusa midomo kabla sijafungua macho, na kila asubuhi naikuta ni ileile.

Ni mimi,
Tarumbeta ya Pili

*

Tarumbeta ya Pili,

Umeniuliza swali la vyuo, lakini barua uliyoandika ni ya mdomo. Nitaijibu barua.

Pole, binti yangu. Sisemi pole hiyo kwa mazoea: kupoteza sauti ambayo umeijenga tangu utotoni, kisha kupongezwa kila siku kwa ajili yake, ni upweke ambao sitajifanya naujua. Lakini huruma yangu inakomea kwenye zile saa nne. Wewe ni mwalimu. Mtoto wa darasa la tatu akija kwako na kidole kilichovimba, ungempa filimbi apige zaidi? Ungemtafutia daktari, na jioni ungemwita mzazi wake umgombeze. Kwa miezi mitano umekuwa mtoto huyo na mzazi huyo, na hukumwita mtu yeyote.

Mimi si mpiga tarumbeta. Kwa hiyo nilimsomea barua yako mama mmoja aliyefundisha vyombo vya kupuliza kwa miaka thelathini. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja: "Tangu siku ile, amepumzika hata wiki moja?" Nilipomjibu kwamba hakupumzika, alisema, "Basi siwezi kukuambia kama atapona. Msuli wa mdomo ukichanika, wapo wanaorudi na wapo wasiorudi. Anayezidisha mazoezi, huyo sijapata kumwona akirudi." Nakupa maneno yake kama yalivyo. Kuyapaka sukari kungekuwa kukudharau.

Sasa soma tena uliyoyaandika kwa mkono wako na hukuyaweka pamoja. Mwalimu wa chuo cha pili, bila kukuona, alisikia katika rekodi jambo ambalo katika chumba chenu chote hakuna aliyelisikia. Ulidhani anakutukana, kumbe alikuwa anakuonya, ila onyo lilifika ukiwa umekwisha kuumia. Mjomba wako aliacha kupuliza akiwa na miaka thelathini na sita, umri ambao wapigaji wengi ndio kwanza wamekomaa, na tangu hapo amekuwa akikagua alama kwenye midomo ya wengine. Sina ushahidi, wala sipendi kukisia, lakini siamini kwamba alikitoa kiti chake kwa ukarimu. Nadhani alikufundisha kile kilichomuumiza kwa sababu hakuwa na kingine cha kukufundisha. Si mtu mbaya afanyaye hivyo. Hata hivyo kosa ni kosa, nanyi mliligeuza mashindano, mkalicheka na kulipigia makofi, na bingwa wake ulikuwa wewe.

Unasema kuchagua chuo cha pili ni kumuaibisha aliyekulea. Hapo unakosea. Kumwambia "nimeumia" si kumshitaki. Kumficha ndiko kunakomwacha aendelee kusema "Tena" kwa watu kumi na watatu waliobaki katika viti vile, na baadhi yao nina hakika ni wadogo kuliko wewe. Heshima gani hiyo inayolipwa kwa midomo ya wenzako?

Kwa hiyo fanya hivi. Chuo cha kwanza kikatae leo. Hukuwadanganya, rekodi ni yako kwa haki, lakini mtu waliyemkubali kwa sasa hayupo, na si vyema waligundue hilo ukumbi ukiwa umejaa. Nenda kwa daktari wa upasuaji wa kinywa, umwonyeshe hiyo sehemu isiyosikia, na umtajie idadi yote, thelathini na moja, usiipunguze kwa aibu. Tarumbeta usiiguse mpaka aseme. Wala kikombe peke yake, maana nawajua watu wa aina yako: utaniambia kikombe si tarumbeta. Mjomba umwambie mchana, sebuleni kwake, mama yako akiwepo. Usimwambie katika chumba cha mazoezi, ambako yeye ni kiongozi na wewe ni kiti. Akifoka, mwache afoke mpaka achoke, kisha urudie sentensi ileile kwa sauti ileile.

Halafu mwandikie yule mzee. Usimwandikie kwamba umechagua chuo chake, kwa sababu bado hujui kama yeye, akisikia yote, atakuchagua wewe. Mwandikie hivi: "Rekodi uliyoisikiliza ni ya thelathini na moja. Katika ya ishirini na nane niliumia, na baada ya siku hiyo sifiki juu. Naomba uniambie kama unampokea mwanafunzi ambaye huenda asipige tena." Usiongeze neno la kujitetea. Anaweza kukuambia usubiri mwaka mmoja, nawe utasubiri. Anaweza kukuambia hapana, na hapo utabaki mwalimu wa muziki mwenye watoto wanaomngoja darasani, nami sitathubutu kukuambia kwamba hilo linakutosha, kwa sababu najua halikutoshi. Itume barua hiyo hata hivyo, kesho asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza.

Mshauri