Maneno Matatu Niliyoyaongeza Kwenye Kanuni ya Nne

Mshauri mpendwa, nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanihukumu, maana hapa nilipo simu ikilia tu nadhani ni mwenyekiti. Mimi ni karani wa vikao vya kata, huu mwaka wa sita, nakaa pembeni ya meza kuu, naandika yanayosemwa, nachapa muhtasari, basi, siongei wala siulizwi. Kikao kilichopita kilichafuka, muuza vipuri mmoja alimporomoshea bibi afya matusi ya nguoni mbele ya watu, mama wa watu akalia, viti vikaanza kuruka, ndipo wajumbe wakaamua papo hapo zitungwe kanuni za mwenendo wa wananchi kikaoni, na kusema kweli zilihitajika, mtu asitukane, asitishe, asimkatize mwenzake, aongee dakika tatu, akikaidi aonywe, akirudia atolewe nje na akose vikao vitatu. Hayo ndiyo waliyosema. Mimi nilipokaa kuchapa muhtasari wenye kanuni hizo, kwenye kanuni ya nne, baada ya "ni marufuku kutukana, kutisha", nikaongeza "au kupaza sauti". Hakuna aliyeyasema maneno hayo, Mshauri! Nimepekua daftari langu mara kumi, hayamo. Sijui kidole kiliteleza au ni nini. Mwenyekiti aliipitia rasimu juu juu, akanisifu kwamba karani wetu Kiswahili kimemkaa, ikabandikwa mlangoni.

Sasa nina shangazi, dada yake baba, ndiye aliyenilea tangu darasa la pili. Alifanya kazi kiwanda cha nyuzi miaka ishirini na mbili, masikio yakaishia kwenye zile mashine, amebakiwa na la kushoto tu, nalo kwa shida, kwa hiyo naye akiongea ni kama anamwita mtu ng'ambo ya barabara, kwake hayo ndiyo maongezi. Hajawahi kumtukana mtu. Anakuja kila kikao na swali lile lile, "MHESHIMIWA, MTARO WETU UMEFIKIA WAPI?", maana mtaro ulioziba nyuma ya nyumba unamwingizia maji machafu hadi chini ya kitanda kila mvua ikinyesha, na watu wanacheka, na mimi nainamia karatasi zangu.

Juzi mwenyekiti kaingia ofisini, kaipiga ile karatasi kwa kiganja, "Yule mama wa mtaro safari hii tumempata. Akifungua mdomo, onyo. Akirudia, nje!" Na askari wa mlangoni keshaambiwa akae karibu naye. Mwenyekiti hajui kwamba ni shangazi yangu, kwa sababu mimi mwenyewe nilimwambia shangazi tusisalimiane kikaoni, ni utaratibu wa kazi, naye akakubali, ananipita pale kama hanijui, na nikirudi nyumbani ananiuliza kama nimekula. Kibaya zaidi, Jumapili kaniambia, "Mwanangu, nisomee hizo kanuni nisije nikavunja," nikamsomea ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikarukia ya tano.

Kikao ni Alhamisi ijayo. Nikisema ukweli kibarua kitaota nyasi, nikinyamaza atatolewa nje mbele ya mtaa mzima na hatajua kwa nini. Nimefikiria nimtafutie safari siku hiyo, akawaone ndugu. Nifanyeje? Nimechanganyikiwa.

Karani Asiyeongea

MSHAURI ANAJIBU

Karani, barua yako nimeipitisha mbele ya foleni kwa sababu Alhamisi haisubiri gazeti. Pole sana. Pole nimeshasema, sasa kaa vizuri.

Kwanza hiyo safari ya ndugu ifute kabisa. Mwenyekiti ahangaike na askari wa nini, kama wewe utamzuia mama wa watu bure ukiwa nyumbani kwako?

Pili, tusidanganyane. Kidole kikiteleza kinaandika "kutukama". Hakiandiki maneno matatu yenye maana. Ulimwonea haya shangazi yako, ukachoka kuinamia karatasi, na siku ulipopata nafasi ya kuandika kanuni ukamwandikia yake. Ulikuwa umeshaanza siku nyingi, kwa huo "utaratibu wa kazi" wa kutosalimiana, ambao nina hakika haupo popote. Sikucheki. Mama yangu aliwahi kuja shuleni kwetu amevaa koti la baba, nikawaambia wenzangu ni jirani. Bado inaniuma. Ila mimi sikuwa na muhuri wa ofisi mkononi.

Kanuni zenyewe naziunga mkono. Bibi afya hakwenda pale kutukanwa, na muuza vipuri ashikwe kwa kanuni hiyo hiyo ya nne. Lakini anayeuliza kuhusu maji yaliyo chini ya kitanda chake amemkosea nani? Mwenyekiti wako anataka kumfukuza mwenye swali kwa sababu mtaro wenyewe umemshinda, na wewe umempa fimbo. Halafu nikuulize: hilo swali la mtaro umekuwa ukiliandika kwenye muhtasari? Hukuniambia. Kaangalie.

Kesho asubuhi chukua daftari, nenda kwa mwenyekiti, mfungulie ukurasa. Mwambie maneno haya matatu ni yangu, wajumbe hawakuyasema, naomba yaondolewe kabla muhtasari haujathibitishwa, na yule mama ni shangazi yangu. Usianze kumsimulia maisha yako. Akigoma, Alhamisi watakapofika kwenye kuthibitisha muhtasari na yeye kuuliza kama kuna marekebisho, nyanyua mkono useme hayo hayo mbele ya wajumbe. Ndiyo, wewe karani usiyeongea. Utapewa onyo? Inawezekana. Kazi itakwenda? Siwezi kukuahidi kwamba haitakwenda. Lakini muhtasari haujathibitishwa, kuurekebisha bado ni kazi yako. Ukikaa kimya wakauthibitisha, utakuwa umeghushi, na hapo hata mimi sitakutetea.

Shangazi usimwache hadi kesho. Mwambie leo, kabla jirani hajamsomea gazeti hili, maana karani mwenye shangazi wa mtaro hawezi kujificha humu siku mbili. Usimtumie ujumbe wa simu. Keti kushotoni kwake, msomee kanuni ya nne uliyoiruka, mwambie nani aliyeiandika na kwa nini, umwombe radhi. Sema kwa sauti ya kumfikia. Majirani wakisikia, wasikie.