Sauti ya Maren kwenye Simu

Kaka yangu Dwight,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Iowa. Natumai wewe na wifi hamjambo, na lile goti limeacha kukusumbua. Sisi tu wazima, mahindi yameshavunwa na theluji imewahi mwaka huu. Najua utashangaa dada yako kukuandikia barua badala ya kupiga simu, lakini nikikusikia tu nitalia.

Ni habari za Maren. Unakumbuka alipokuwa shule, nilivyokuwa nikiingia kwenye ile mikutano ya kila mwaka ya kupanga msaada wake na kugonga meza mpaka walimu wakanibandika jina la Jenerali. Nilipata kila nilichodai, hata mtu wa kuandika maneno ya mwalimu yakatokea kwenye skrini mbele ya mtoto. Wakati ule sheria iliilazimisha shule imtafute na kumhudumia. Kumbe alipovua joho la kumaliza shule, sheria ile nayo ilimwachia mkono. Chuoni iko nyingine, inayotaka mwanafunzi aende mwenyewe akaombe msaada. Asipoomba hana lake, na mtihani aliofeli kabla ya kuomba ndio umeshapita hivyo.

Na Maren hakutaka kuomba. Alisema amechoka kuwa yule msichana mwenye vifaa vya kusikia masikioni. Mkikaa wawili watatu chumbani vinamtosha, lakini kwenye ukumbi wa watu mia mbili anaambulia mvumo tu. Mtihani wa kwanza wa kemia akaanguka vibaya. Mwanangu anataka unesi, Dwight, na bila kemia hawamchukui.

Nikapiga simu chuoni. Mwanamke wa mapokezi akaniambia kwamba hata kama nimemzaa, Maren ni mtu mzima, na bila ruhusa yake ya maandishi hawawezi kusema nami lolote. Eti hata kuniambia kama wanamjua! Nikamwomba Maren ruhusa hiyo, naye akanijibu kwa ujumbe kwamba vita vimekwisha, Jenerali akapumzike. Nilicheka, kisha nikakasirika.

Wiki hii alikuja nyumbani kwa sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga hakumgusa, pai ya maboga akaichokoachokoa tu kwa uma. Mwishowe akaeleza kwamba ameshakwenda kuomba, maana mtihani wa mwisho umekaribia. Kwenye ofisi ya wanafunzi wenye ulemavu akampokea Bi Haugen, akamwambia kwa upole kwamba siku hizi sheria imelegezwa, hawamtesi mtu kwa makaratasi, maelezo ya mwanafunzi mwenyewe yana uzito. Ila ya kwake yanamtatiza, kwa sababu mwezi uliopita waliongea kwenye simu karibu nusu saa, Maren akasikia kila neno, hakuomba arudiwe hata mara moja. Basi inabidi akapimwe upya masikio, na mpimaji hana nafasi mpaka Februari. Maren akaapa kwamba hakupiga simu yoyote, kuongea kwa simu kwenyewe hawezi. Bi Haugen asimsadiki. Mtoto anaamini wamemchanganya na mtu mwingine.

Dwight, ni mimi niliyepiga. Nilisema mimi ndiye Maren, nikataja tarehe yake ya kuzaliwa na namba yake ya chuo, nikajibu kila swali chapuchapu huku nikijiona mjanja. Mjinga mimi! Nilikuwa namwombea msaada mtu asiyesikia, na haikunijia hata kidogo kujifanya sisikii.

Nikisema ukweli, watadhani tulipanga naye na watamwadhibu yeye. Nikinyamaza, anaingia kwenye mtihani baada ya muhula mzima wa mvumo. Na jana, kabla hajaondoka, alinikumbatia akasema ameshasaini ile ruhusa na kuipeleka, mimi ndiye ninayejua kuongea na watu hawa, nimpigie Bi Haugen Jumatatu. Maneno hayo nimeyasubiri tangu Agosti. Lakini nikisema hujambo tu, yule mama ataitambua sauti.

Sijui nifanye nini, kaka. Kweli sijui.

Mpe wifi mkono wangu, na mvae vizuri, baridi ya mwaka huu si ya mchezo. Maren naye anamsalimu sana mjomba wake. Amesema nikuambie usiwe na wasiwasi naye tena, maana sasa mama yake ataongea nao.

Dada yako akupendaye,
Rhonda