Mguu Wangu Mzito na Barabara ya Kakola

Shangazi Justina, shikamoo. Naomba unisaidie kabla mwezi haujaisha, maana nina furaha nyingi na hofu moja, na hofu yenyewe ni ya petroli.

Niliolewa miezi minne iliyopita na Maduhu, fundi wa mitambo kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Kakola, na Shangazi, mwanaume huyu akicheka hata vumbi la barabarani naliona linapendeza. Tunaishi Nyahanga kwa wazazi wake, watu tisa nyumba moja, mama mkwe ananipenda, lakini siwezi kumwita mume wangu "mpenzi" mbele yake, naye ananiita Vumilia kana kwamba tumekutana foleni ya benki. Mahali pekee tunapokuwa wawili ni ndani ya gari, kila Ijumaa ninapomfuata getini akimaliza zamu zake za wiki, yeye amechoka, naendesha mimi, na humo ndimo tulimochagua jina la mtoto wetu wa kwanza ambaye hata dalili hajaonyesha.

Gari ni Probox tuliyopewa na shemeji Edson siku ya harusi. Mafuta ambayo kwake yalitosha kwenda Kakola na kurudi mara mbili, kwangu yanaisha kwa safari moja. Nikaipeleka kwa fundi Gregory, akaikagua yote, akaiendesha, akarudi anacheka: "Shemeji, gari halina ugonjwa. Mguu wako ndio una homa."

Nakiri. Nachelewa kuondoka kwa sababu nabadilisha gauni mara tatu, basi barabarani nakanyaga mpaka mshale unatetemeka, nikikuta lori la pamba nalipita, nikikuta tuta nafunga breki, nikilivuka nakanyaga tena, kwenda hivyo na kurudi hivyo. Getini wafanyakazi hukaguliwa kabla ya kutoka, nami nawasha kiyoyozi na kuacha injini inaunguruma hata saa nzima, ili mume wangu akitoka kwenye joto la chini ya ardhi akute ubaridi. Tena nyuma kuna magunia mawili ya michembe, viazi vya kukaushwa ambavyo mama mkwe alivitoa kwao Kishapu, naogopa kuyashusha asije akadhani siyataki.

Ijumaa iliyopita taa ya mafuta iliwaka kabla hatujafika Bugarama. Maduhu akasema taratibu, "Mke wangu, mwezi huu ukiisha hivi, nitapanda basi la wafanyakazi. Gari litabaki la kwendea kanisani tu." Sikulia, Shangazi. Nimeapa basi hilo halinichukulii mume. Niambie nianzie wapi.

Vumilia, Nyahanga, Kahama

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa ndoa, na pole kwa petroli, ingawa nyingi umeimwaga mwenyewe.

Kiyoyozi kwanza. Mwanaume aliyeshinda chini ya ardhi hatakufa kwa dakika tano za joto. Ukifika, zima injini, fungua madirisha, uwashe ukimwona ametoka kwenye ukaguzi. Mbebee chupa ya maji baridi. Hiyo hainywi petroli.

Gauni lichague Alhamisi. Ondoka nusu saa mapema na ukanyage kana kwamba kuna sufuria ya mchuzi kwenye kiti cha pembeni. Spidi ikifika themanini, iache hapo hapo. Tuta unaliona tangu mbali, kwa hiyo ondoa mguu mapema, gari lipungue lenyewe, maana kila unapofunga breki kwa nguvu unatupa mafuta uliyokwisha kuyachoma. Lori la pamba liache liende zake, kaa nyuma kabisa, vumbi litatua. Na Gregory akupimie upepo wa matairi kabla ya safari, maana tairi laini nalo linakula.

Michembe usiifiche, binti! Mwambie mkweo, "Mama, nifundishe unavyoipika wewe." Utaona magunia yanavyoshuka, pengine atashusha mwenyewe.

Sasa nikugombeze. Umeniandikia kwamba gari hilo ndilo chumba chenu pekee. Halafu mkishaingia humo wawili, unakimbia mpaka mshale unatetemeka, kuelekea nyumba yenye watu tisa. Unakimbilia nini? Ijumaa hii rudini polepole. Mtafika dakika ishirini baadaye, na dakika hizo zote ni zenu, muitane mnavyotaka. Mkisimama nyumbani, kabla hajafungua mlango, mwonyeshe Maduhu mshale wa mafuta. Usiseme neno. Yeye mwenyewe ndiye atakayeyafuta maneno ya basi.