Nimemchagulia Bosi Kiti cha Kupanda Mtini na Sijui Uzito Wake

Bi Kidawa, mshauri wetu,

Kabla hujafika mstari wa pili nakuomba kwa heshima zote usimsomee mtu yeyote barua hii, hata huyo anayekuchapia kurasa, na kama ni lazima itoke gazetini basi toa jina langu, toa jina la kampuni, na ukiweza toa hata neno Midrand, ingawa najua nikilitoa mimi hutaelewa habari yenyewe, kwa hiyo nimeliacha na uamuzi ni wako.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, Mrundi, nimepanga chumba mtaa wa La Rochelle, na ni karani wa ghala katika kampuni inayoagiza vifaa vya kambi na vya uwindaji kutoka ng'ambo. Kazi yangu ni kufungua maboksi, kuhakikisha kilichoandikwa kwenye karatasi ndicho kilichomo, kisha kukipeleka kwenye rafu yake. Naipenda kazi hii, na nina vibandiko vya rangi nne ambavyo hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuvigusa.

Bosi wetu tunamwita Oom Kobus, kwa sababu ndivyo watu wake wanavyomwita mwanamume wa umri wa baba. Ni mtu mwema na ni mtu mkubwa, akicheka rafu ya vikombe vya bati inaitikia. Wiki yangu ya kwanza aliniuliza, "Kijana, kwenu Burundi mnawinda?" na mimi tangu zile vurugu za 2008 za kuwapiga wageni, zilizoanzia Alexandra, nimejizoesha kujibu ndiyo kwa kila anayeniuliza habari za kwetu, kwa hiyo nikasema, "Ndiyo, Oom." Akauliza, "Kwa mitego au kwa upinde?" Nikasema, "Vyote viwili." Akauliza nani alinifundisha, nikasema babu. Bi Kidawa, babu yangu alikuwa karani wa parokia mjini Bujumbura, na mnyama pekee aliyewahi kupambana naye ni mbuzi wa jirani, na mbuzi alishinda. Tangu siku hiyo ghala zima linaniita Mwindaji.

Kwa miaka miwili uongo huo haukumdhuru mtu. Lakini sasa ni Julai, msimu wa kuwinda, na Ijumaa ijayo Oom anakwenda na upinde wake kwenye shamba la rafiki yake huko Limpopo, na wiki tatu zilizopita alikuja mezani kwangu akasema, "Mwindaji, mwaka huu nataka kukaa juu. Nichagulie kiti cha kupanda mtini, kile cha kubeba mgongoni. Wewe unajua miti."

Nikuelezee kitu chenyewe. Ni fremu mbili za aluminiamu, ya juu ni kiti na ya chini ni ya kukanyagia, na kila moja ina waya mnene unaozunguka shina la mti. Unaketi, unaivuta ya chini kwa miguu, unasimama, unaiinua ya juu, unaketi tena, na hivyo unapanda kama kiwavi mpaka urefu unaoutaka, halafu unatulia huko ukimsubiri swala. Tulikuwa na aina tatu. Nilichora jedwali, nikalinganisha uzito wa kila kimoja, upana wa kiti, unene wa waya na urefu wa mikanda, nikaviacha vile vibanda vya turubai vya kujificha chini, vilivyo rafu ya kumi na mbili ambako hakuna anayekwenda, kwa sababu Oom alisema juu, na mwishowe nikachagua chepesi kuliko vyote kwa kuwa Oom hulalamika magoti. Alifurahi sana. Aliwaambia wenzangu, "Mnaona? Huyu hakubahatisha."

Siku mbili baadaye, nikiwa nahifadhi kijitabu cha maelekezo, ndipo nikaona mstari wa ukurasa wa nyuma: mwisho kilo mia moja na kumi na tatu, pamoja na nguo, viatu, silaha na mzigo.

Sasa nifanye nini, Bi Kidawa? Kwetu humuulizi mkubwa wako uzito wake, ni kama kumwambia avue shati mbele yako. Ghalani tuna mizani ya sakafuni ya kupimia mizigo, na sisi wote hujipima wakati wa chai kwa mzaha, lakini Oom huizunguka kama mtu anayekwepa dimbwi. Nilijaribu kusoma saizi ya koti lake lilipokuwa limetundikwa, nikakuta herufi X tatu, na akaingia. "Unatafuta nini, Mwindaji?" Nikasema natafuta nondo wanaokula nguo. Tukakagua koti pamoja, mfuko kwa mfuko, tusimwone hata nondo mmoja.

Nikasema basi angalau nihakikishe chombo ni kizima. Jumamosi iliyopita nilichukua cha maonyesho, kinachofanana na chake kwa kila kitu, nikaenda nacho pale bustanini Wemmer Pan, nikachagua mkaratusi mrefu ulionyooka, nikaanza. Niliogopa lakini nilipanda, nikafika urefu wa paa la nyumba, na nilipoinua miguu kuvuta fremu ya chini, fremu ile ikaachia, ikateleza mpaka chini ikatua kwenye majani, na mimi nikabaki nimekaa juu miguu ikining'inia, nimekumbatia shina. Chini kulikuwa na mama mmoja anayeuza maandazi. Alinitazama, akasema, "Hau, bhuti, kaka yangu, umeiba nini?" Nikamwambia sikuiba, nafanya majaribio ya kazini. Akasema, "Na kazini kwenu ni juu ya miti?" Halafu akawaita vijana wawili waliokuwa wakiosha gari, akawaambia, "Kamshusheni huyu, na akishuka na asali mimi ndiye mnunuzi wa kwanza." Walisimama mmoja mabegani mwa mwenzake, nikakanyaga vichwa vya watu nisiowajua, nikashuka. Nilinunua maandazi sita kwa aibu.

Usiku huo sikuweza kula hata moja, kwa sababu nilikuwa nimesoma kijitabu upya na kuelewa. Fremu zile mbili huunganishwa kwa kamba, ili ya chini ikiteleza isiondoke. Kamba hiyo mimi niliiona nilipofungua maboksi, nikaidhani ni ya kufungia mzigo. Niliitoa. Nilizitoa kwenye viti vyote, hata cha Oom, nikaziweka ndani ya bahasha, nikabandika kibandiko cha njano: Vifungashio.

Kwa hiyo Oom anakwenda kupanda mti juu ya kiti kisicho na kamba, ambacho huenda hakimwezi, nilichochagua mimi nisiyewahi kuwinda hata panzi. Nikimwambia, atajua kila kitu tangu siku ile ya babu, na huenda nikapoteza kazi, na karatasi zangu za ukimbizi unajua zilivyo, kila miezi kadhaa ni foleni. Nikinyamaza, naweza kumvunja shingo mtu aliyenifanyia wema. Nimefikiria kurudisha kamba kimyakimya kwenye begi lake na kuomba Mungu kuhusu kilo. Je, hiyo inatosha?

Tafadhali usinipigie simu ya ofisini, anaipokea Oom. Yangu pia usipige, naiacha kwenye kabati. Dada yangu Annick ana saluni Rosettenville, karibu na robot, yaani taa za barabarani, mlango wa bluu, namba yake nimeiandika nyuma ya bahasha. Mtumie ujumbe, usimpigie, kwa sababu huweka simu kwenye spika. Kama unaona nimwambie Oom, andika "nywele zimefika". Kama unaona ninyamaze, andika "nywele bado". Yeye hajui lolote na hajaagiza nywele, kwa hiyo ongeza kwamba ni ujumbe wa kaka yake, na ataniambia nikipita saa kumi na moja jioni.

*

Bi Kidawa anajibu:

Mwanangu karani,

Jina nimelitoa, kampuni nimeitoa. Midrand nimeiacha, maana huko maghala ni mengi na kila moja lina kijana mwoga.

Nimekusoma nikicheka mpaka nikaweka miwani chini. Nilipofika kwenye kamba sikucheka tena. Ulipoona kitu usichokijua ulikifungia kwenye bahasha na kukipa jina. Mtu mzembe angeiacha kamba hiyo ndani ya boksi, na Oom wako angekuwa salama. Wewe ulifanya usafi. Siku nyingine kitu usichokielewa usikibandike kibandiko mpaka umeuliza mtu.

Sasa nisikilize. Mimi kuhusu swala najua kuwala tu, kwa hiyo nilimpigia mdogo wangu Yasini, ambaye mwaka wa tano huu anafungua mageti na kuwasindikiza wawindaji kwenye shamba moja la huko huko Limpopo. Nilimsomea kuhusu kiti, bila kukutaja. Akaniuliza swali moja: "Dada, atakipandia mti gani?" Nikairudia barua yako kutafuta. Akasema kiti cha namna hiyo kinataka shina lililonyooka kama nguzo, lisilo na tawi mpaka juu, na gome lisiloteleza. Miti ya porini kwao inaanza kutoa matawi usawa wa magoti, na kila tawi lina miiba ya kushona viatu. Fremu haipiti. Kila mwaka, anasema, kuna mgeni anayekuja na kiti kama hicho, anazunguka nacho asubuhi nzima akitafuta nguzo, halafu kinarudi kwenye boksi. Mbaya zaidi ni yule anayepata mkaratusi nyuma ya nyumba ya mwenye shamba, maana gome lake hubanduka likakuacha hewani. Wewe hilo unalijua vizuri, uliza vichwa vya wale waosha gari.

Umelinganisha vitu vinne kwenye jedwali lako na ukasahau viwili, mti na mtu. Mti hukumuuliza Oom kwa sababu alishaamini unaijua miti yote. Uzito hukumuuliza kwa adabu. Adabu hiyo naifahamu, mimi ni wa Tanga, na ningetaka kila kijana awe nayo, lakini mama mkwe wako ukimshonea gauni bila kumpima kwa sababu unamheshimu, ataaibika harusini. Heshima ya kumwacha mzee aanguke sijawahi kuisikia.

Kurudisha kamba kimyakimya hakutoshi, na unajua, ndiyo maana maandazi yalikushinda. Kamba hiyo unampa mkononi, mbele ya macho yake, leo. Unamwambia hivi: "Oom, nimekosea. Kamba hii nilidhani ni ya kufungia mzigo, nayo ndiyo inayokulinda. Tena mtu wa kule kasema kiti hiki hakifai kwa miti ya shamba unalokwenda. Kuna kibanda cha turubai rafu ya kumi na mbili, unakifungua karibu na maji, unakaa ndani kwenye kiti chako mwenyewe, na magoti yako yatashukuru." Ardhi haina kikomo cha kilo, kwa hiyo neno uzito halitatoka kinywani mwako kabisa. Akishikilia kwamba lazima apande, basi hapo adabu imekwisha: unasimama wewe kwanza juu ya mizani na begi mgongoni, unamwambia, "Sasa zamu yako, Oom, na upinde." Ukiona zaidi ya kile kilichoandikwa, kiti kinabaki ghalani.

Kisha unamalizia na babu. Hilo linakutisha kuliko mti, najua. Tangu 2008 wengi wetu tumejifunza kujibu ndiyo haraka, na sikulaumu, hiyo ndiyo ilitufikisha hapa. Lakini huyu mzee alikuuliza akitaka kuzungumza, nawe ukamjibu kama mtu aliyeshikiwa rungu. Mwambie babu alikuwa karani na mbuzi alimshinda. Mtu aliyekagua koti zima akitafuta nondo asiyekuwepo, bila kukukaripia, ataweza kusikia hilo. Akikufukuza, niandikie, tutatafuta kazi pamoja, maana kijana anayejua kilipo kila kitu hakosi ghala. Ila mimi naona atacheka, na vikombe vya bati vitaitikia.

Kuhusu maagizo yako, niliyafuata. Ujumbe niliutuma Jumatatu, sikusubiri gazeti. Annick alinipigia papo hapo, kwa spika, saluni nzima ikisikiliza, akitaka kujua nywele ni za rangi gani na nani kazilipia. Nikamwambia ni za kaka yake, na kaka huyo azichukue akipita jioni, kabla hajakwenda kazini kesho yake.

Nywele zimefika, mwanangu. Nenda kamwambie Oom kabla ya chai, kamba ikiwa mkononi.